Siku Tumbo la Mfalme Ngiri Lilipojibu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama watu waliolala na njaa? Sogeeni motoni. Wewe mwenye hindi la kuchoma, tafuna polepole, wenzako wasikie. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko hai. Hapo zamani za kale, zamani zile ambazo watu na wanyama walikutana njiani wakaulizana habari za watoto, palikuwa na nchi mbili zilizopakana. Nchi ya bondeni ilitawaliwa na Malkia Mwanajaha, mwanamke mcheshi, mwenye mwili wake, aliyependa chakula kitamu kupita kiasi. Nchi ya milimani ilitawaliwa na Mfalme Ngiri. Mnaujua mkia wa ngiri? Akikimbia huusimamisha juu kama bendera. Basi Ngiri huyu aliupenda mkia wake kuliko alivyompenda mkewe, na mkewe alilijua hilo.

Huko milimani waliishi pia pimbi. Walikuwa wachache, walikuwa wadogo, na pimbi, kama mjuavyo, hana mkia, na jioni huwaita wanawe kwa mlio mkali. Ngiri akapiga mbiu:

"Asiye na mkia hana neno barazani! Asiye na mkia asipige kelele jioni! Asiye na mkia, watoto wake ni wa shimoni!"

Shimoni ndiko kwenye machimbo ya chumvi. Vijia vyake vilikuwa vyembamba, na watoto wa pimbi walipenya vizuri. Basi wakachukuliwa kwa nguvu, wakaingizwa humo wachimbe. Chumvi ikawawasha macho, ikawaingia vidondani. Waliwaita mama zao, na mama zao huko juu walikatazwa hata kuitikia. Chumvi yenyewe ikauzwa nchi zote za jirani, na mnunuzi mkubwa alikuwa nani? Malkia Mwanajaha.

Siku moja mpishi wa Malkia alifungua gunia jipya. Akachota. Gunia likasema, "Chya!" Mpishi akarudi nyuma. Akachota tena. "Chya!" Mpishi akasoma dua zote alizozijua. Akachota mara ya tatu. "Chya!" Kikatokeza kichwa kidogo, cheupe pepepe kwa chumvi.

"Wewe ni jini?" mpishi akauliza.

"Hapana, mimi ni Mashavu, binti wa pimbi. Shikamoo."

Mpishi akapiga yowe hadi Malkia akaja mbio, paja la kuku mkononi. Mashavu akamweleza yote: mashimo, macho, mbiu ya mkia. Kisha akasema, "Kaka yangu Chongoe bado yumo. Mimi nilijificha guniani kwa sababu nilisikia gunia hili linakwenda kwa watu."

Malkia akaliweka chini lile paja la kuku. Waliomjua walielewa kwamba jambo limekuwa zito.

Akaita baraza. Wakubwa wakakohoa, wakatazamana. "Mheshimiwa," wakasema, "Ngiri ana nchi yake, nasi tuna yetu. Na tukimuudhi, chumvi tutaitoa wapi?"

"Basi tumwambie kwa upole," Malkia akasema. Akamtuma Kasuku, bingwa wa maneno matamu.

Kasuku akaenda. Ngiri akampokea kwa ngoma, akamlisha njugu mpaka akashindwa kuruka. Watoto wa pimbi wakatolewa shimoni, wakaoshwa, wakaamriwa waimbe. Kasuku akarudi kwa miguu, tumbo mbele. "Mheshimiwa, milimani ni raha tupu! Watoto wanaimba!"

"Walikuwa wanaimba nini?" Mashavu akauliza.

"Sikusikia vizuri. Nilikuwa natafuna."

"Basi tumwambie kwa ukali," Malkia akasema. Akamtuma Kifaru.

Kifaru akaenda, akapiga kwato, akanguruma mpakani: "Watoe watoto, la sivyo!" Ngiri akafunga malango, akatangaza kwamba pimbi ni wapelelezi wa wageni, na watoto wakakatiziwa hata ule muda mfupi wa kupumzika. Kifaru akarudi akijisifu kwamba amesikika. Kweli alisikika, ila waliolipia sauti yake ni wale waliokuwa shimoni.

Malkia akashika tama. Ndipo akasimama Bi Nguchiro, mjumbe mwembamba, mwenye macho mekundu, asiyeweza kukaa mahali pamoja.

"Mheshimiwa, jana ulikula nini?"

"Mchuzi wa kunde."

"Ulikolea?"

"Ulikolea mno!"

"Ulikolea chumvi iliyochimbwa na nani?"

Malkia akaligeukia baraza. Wakubwa wote wakatazama miguu yao.

"Mimi siendi kwa Ngiri," Bi Nguchiro akasema. "Nitaanzia jikoni kwako."

Tangu siku ile chumvi ya Ngiri haikuingia tena nchi ya bondeni. Lo, watu walinung'unika! Samaki hana ladha, maharage hayana ladha, hata ugomvi wa mke na mume haukuwa na ladha. Malkia mwenyewe akawa anakula mbele ya watu wote ili waone. Akitia tonge mdomoni anasema, "Tamu!" huku uso umemkunjamana kama aliyelamba ndimu.

Bi Nguchiro akambeba Mashavu mgongoni, wakashika njia kwenda kwa wafalme wa jirani walionunua chumvi ile. Wakaenda kwa Nyati, wakaenda kwa Twiga, wakaenda kwa Nyumbu. Kila walipofika, aliyesema ni Mashavu. Kazi ya Bi Nguchiro ilikuwa kuwazuia wakubwa wasimkatize mtoto, na niwaambieni, hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu. Nyati akasikia, akalia, akakubali kuacha kununua. Twiga akasikia, akameza mate safari ndefu, akakubali. Nyumbu akasema atafikiri, na mpaka leo anafikiri.

Huko milimani chumvi ikarundikana hadi mlangoni kwa Ngiri. Mvua ikanyesha, chumvi ikayeyuka, ikatiririka, ikakausha bustani ya mke wa mfalme. Mke wa mfalme akasema maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Ngiri akaona maji yamemfika shingoni. Akatuma wito: "Njooni wajumbe wote, mje muone! Shimoni kwangu hamna mtoto hata mmoja!"

Wakaja: Bi Nguchiro na Mashavu, mjumbe wa Nyati, mjumbe wa Twiga. Ngiri akawa amewasukuma watoto wa pimbi ndani kabisa, mwisho wa shimo, akawaamuru wanyamaze. Mlangoni akawapanga askari wake, ngiri wanene, amewapaka chumvi mwili mzima.

"Hawa ndio wachimbaji wangu," akasema. "Watu wazima, wenye mikia yao."

"Hongera, mfalme!" Bi Nguchiro akapiga makofi. "Malkia wangu atafurahi. Hebu waingie tuwaone wakichimba kidogo."

Askari wa kwanza akasema mgongo unamuuma. Wa pili akasema ametoka kula sasa hivi. Wa tatu akasema leo ni siku ya matanga ya shangazi yake.

"Ajabu," Bi Nguchiro akasema kwa upole. "Au labda hilo shimo ni dogo kwa ngiri? Nitawaeleza wenzangu kwamba ngiri hawatoshi."

"Nani hatoshi?" Ngiri akafoka. "Nitaingia mimi mwenyewe!"

Na ngiri huingiaje shimoni? Kinyumenyume. Mfalme akatanguliza mkia, akajisukuma, akajikaza, puu! Akakwama. Meno nje, mkia ndani. Mbele hawezi, nyuma hawezi.

Mashavu akaruka kutoka mgongoni. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Bi Nguchiro, wenzangu wamo ndani, na ameziba mlango!"

Bi Nguchiro akaacha kucheka. "Mfalme, humo ndani mna nani?"

"Hamna mtu!" Ngiri akasema.

"Tumo!" sauti ndogo ikatoka nyuma yake.

"Nani huyo?" Bi Nguchiro akauliza.

"Ni tumbo langu, linanguruma."

"Tumo!"

"Mfalme, tumbo lako linaongea vizuri. Linaitwa nani?"

"Naitwa Chongoe!" tumbo likajibu. "Na tuko wengi, na hewa inapungua!"

Mashavu akaanza kulia kwa furaha na hofu pamoja. Mjumbe wa Twiga akainamisha shingo yake ndefu, akamtazama mfalme usoni, karibu kabisa. Ngiri akafumba macho.

"Chongoe," Bi Nguchiro akaita, "mnaweza kuchimba pembeni mtoke?"

"Tunaweza. Tumechimba maisha yetu yote. Lakini hapa gizani kuna kitu kirefu kinaning'inia, kina manyoya mwishoni. Tukishike?"

"Msishike!" Ngiri akapiga kelele.

Wakashika. Wote. Jamani, watu wasio na mkia wakaushika mkia wa mfalme!

"Mfalme," Bi Nguchiro akasema, "nadhani watoto wana maneno. Usiniangalie mimi, mimi ni mgeni tu. Waulize wenyewe."

"Mnataka nini?" Ngiri akauliza kwa sauti ambayo hakuwahi kuwa nayo.

"Twende nyumbani tusirudishwe humu," Chongoe akasema, akavuta kidogo.

"Aii! Nimekubali!"

"Mama zetu waite jioni, nasi tuitikie." Akavuta.

"Aii! Nimekubali!"

"Wazee wetu wakae barazani, wasemeshwe kama watu." Akavuta.

"Aii! Nimekubali, nimekubali, nimekubali!"

Wajumbe wakasikia wote, wakashuhudia. Wakaongeza la kwao: hakuna nchi itakayonunua chumvi mpaka pimbi wenyewe waje waseme kwamba ahadi imetimizwa. Watoto wakachimba pembeni, wakatoka mmoja mmoja wakipepesa macho juani. Mashavu akamkumbatia kaka yake, wakaanguka chini pamoja. Kisha wakampanulia mfalme njia, akatoka, mkia umelegea kama kamba ya kuanikia nguo.

Jioni ile mama wa pimbi wakapanda juu ya miamba, wakapiga mlio wao uliozuiwa muda mrefu. Ni mlio mbaya, siwadanganyi, unafanana na mlango uliokosa mafuta. Lakini hakuna aliyeziba masikio, isipokuwa Ngiri.

Mnadhani nimemaliza? Bado. Bi Nguchiro alipokuwa akiaga, Ngiri akamwita pembeni. "Umenishinda. Sasa nami nikuulize. Huko kwenu, popo hukaa upande gani barazani?"

Bi Nguchiro akashika njia, swali limemganda kichwani. Maana bondeni, ndege walimfukuza popo wakisema ana meno, na wanyama walimfukuza wakisema ana mabawa. Watoto wa popo walikunywa mtoni baada ya wote, maji yakiwa tope.

Alipofika nyumbani akamweleza Malkia swali lile. Malkia akawaka. "Ngiri ana ufidhuli! Yeye wa kuniuliza mimi?" Akazunguka chumba. Akakaa. Akauliza taratibu, "Ni kweli?"

"Ni kweli, Mheshimiwa."

Asubuhi Malkia akatoka kwa miguu, bila tarumbeta, hadi kwenye pango la popo. Akaomba radhi. Akawaahidi maji safi, akawaahidi na viti barazani.

"Viti vya nini?" mama mmoja wa popo akasema. "Tutundikie boriti."

Boriti ikatundikwa katikati ya baraza. Popo wakaning'inia hapo, watoto wao kifuani, na wakubwa wote wakalazimika kuinua shingo ili wawasikilize. Malkia akawauliza, "Kwa nini hamkusema siku zote hizi?"

Yule mama wa popo akamtazama kutoka juu, kichwa chini miguu juu.

"Tulisema kila siku, Mheshimiwa, chini ya jua kali, mbele ya macho yenu. Na eti sisi ndio tusioona mchana."

Hadithi yangu imekomea hapo. Anayetaka kubishana nami, aende kwanza akamuulize Ngiri habari za mkia wake.