Kwa Nini Ngozi ya Tumbo la Paka Inaning'inia

Sogeeni karibu, na aliyeshiba alegeze mshipi, maana hadithi hii ni ya tumbo.

Hapo kale tumbo la paka lilikuwa limekaza kama ngozi ya ngoma. Paka wa kwanza kuishi na watu alikaa kwa Bi Siwatu, mjane msukaji mikeka, ambaye hakuwa na mwingine wa kuzungumza naye. Na Bi Siwatu akikupenda, atakulisha. Asubuhi wali wa nazi, mchana wali wa nazi na samli, jioni ukoko, usije ukaharibika. Paka akanawiri, akanenepa, akawa mto wenye masharubu. Panya wakawa wanapita mbele yake na mahindi ya mbegu mabegani.

"Shikamoo, mzee."

Naye, kwa kuwa kuinuka ilikuwa safari, alijibu, "Marahaba, wanangu. Piteni."

Siku moja Bi Siwatu akamsikia anakoroma ilhali yu macho. Pumzi ilipiga mluzi. Akambeba kichwani, maana mikononi hakuenea, mbio hadi kwa Mzee Shaame, mchunga mbuzi. Mzee akampapasa mbavu, akazitafuta, akazikosa.

"Siwatu, unampenda kama mwana, unamlisha kama mbuzi wa Idi. Na mbuzi wa Idi mwisho wake unaujua."

"Basi nimnyime?"

"Ukimnyima ghafla, atakufa upesi zaidi. Punguza kidogo kidogo. Samaki na nyama, kiasi cha kiganja, asubuhi na jioni. Wali kula wewe. Na umchezeshe."

Hapo ndipo mateso ya Bi Siwatu yalipoanza. Paka alimkodolea macho kama yatima aliyepitwa na sinia la pilau. Mara tatu mama wa watu aliinua mwiko, mara tatu akaurudisha, machozi yakimtoka. Badala ya wali akawa anamburuzia ukindu wa mikeka sakafuni. Paka akaufuata kwa jicho, kisha kwa mguu mmoja. Mwezi wa pili kwa yote minne. Mwezi wa tano akaruka hadi juu ya ghala la mahindi, na panya aliyeanza kumwamkia hakuimaliza salamu.

Mafuta yalikwisha, ngozi ikabaki, ikipepea kila akikimbia. Bi Siwatu akatoa sindano yake ya mikeka. "Njoo, baba, nikupunguzie ngozi hiyo."

Paka akarudi nyuma. "Iache, mama. Nikilisahau tumbo lile, nitausahau na mkono ulioniponya."

Na tangu siku hiyo paka, hata awe mwembamba, hutembea na kijifuko chake chini ya tumbo. Ukikiona usimcheke, wala usikijaze. Mpapase mbavu; ukizikuta, mshukuru Bi Siwatu.