Ukucha wa Nyamizi

Mwenye ukucha havunji bunduki. Ndivyo shangazi yenu Tatu alivyomwambia Saidi asubuhi, alipotaka kuiuza cherehani kwa mnunua vyuma chakavu eti inakata nyuzi. Ninyi mkacheka, mkaniuliza ukucha na bunduki vilikutana wapi. Kaeni vizuri basi. Vilikutana Kaselya, kwenye shamba la mwisho kabla ya msitu, kwa mwanamke aliyeitwa Nyamizi.

Nyamizi hakujaliwa mtoto. Alijaliwa mume, Luhende, na Luhende alikuwa na bunduki ya kizamani, ya kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Jirani wa karibu alikuwa mbali, hata jogoo wake hawakumsikia. Kati ya mahindi yao na nyani wa msituni hapakuwa na kizuizi ila bunduki ile. Luhende akipiga, nyani mmoja anaanguka, na kundi zima linasahau njia ya shambani.

Kisha homa ikamchukua Luhende, Mungu amrehemu. Wakamzika pembeni mwa shamba, na Nyamizi akaingia eda.

Eda mnaijua. Mjane anatulia ndani, hajipambi, anangoja siku zake kama Mungu alivyozipanga. Yeye aliitii yote. Lakini nyumba ya watu wawili ikibaki na mmoja, kuta zake huwa kama zimesogea mbali. Alikuwa akisonga ugali wa mtu mmoja na bado unazidi. Akimaliza sala anatoa salamu kulia, anatoa kushoto, na wa kuitikia ni malaika tu.

Shemeji yake Mihayo, mdogo wa marehemu, ndiye aliyekuja kulinda mahindi. Mtu mwema, ila mwenye haraka. Nyamizi alimsikia kutoka ndani: mlio wa bunduki, kimya kidogo, kisha nyani wanabweka kama wanaocheka. Mlio tena, kubweka tena. Kwa masikio tu akajua hakuna kilichoanguka.

"Shemeji," Mihayo aliuliza siku moja, amesimama nje ya pazia la mlango, "hivi bunduki hii ilikuwa inamwenda kombo kaka?"

"Haikumwenda kombo hata siku moja."

"Basi mimi imenikataa. Nalenga nyani, inakwenda kuuchuna mti gome!"

Habari ikafika kijijini, ikanenepa njiani. Mzee Kapaya, mwashi, ambaye hata msibani hakuacha utani, akasema, "Kumbe Luhende kaacha wajane wawili. Bunduki nayo imekaa eda!"

Watu wakacheka. Lakini utani ukirudiwa sana huota mizizi. Mwishowe wazee wakakaa na kuamua kweli kweli: silaha inayomlilia mwenyewe ni mkosi, ivunjwe kaburini siku Nyamizi atakapotoka eda. Na bila bunduki shamba ni la nyani, kwa hiyo mjane aende kwa kaka yake Urambo, apewe chumba cha uani.

Aliambiwa hayo kupitia pazia. Chumba cha uani hakikumuuma. Kilichomuuma ni lile kaburi, namna majani yatakavyolimeza mpaka asiwepo wa kujua pa kusimama akamwombea mumewe.

Siku ikafika. Akaoga, akavaa kanga safi, akatoka. Jua likamchoma macho. Wanaume walikuwa kaburini tayari, Mihayo na bunduki, Kapaya na nyundo yake ya kuchongea mawe.

"Kabla hamjaivunja," Nyamizi akasema, "shemeji, nipe gololi moja."

"Ya nini tena?"

"Nipe tu, baba."

Mihayo akatoa mkobani gololi moja, ile risasi ya duara ya kushindiliwa mtutuni. Ilikuwa inang'aa. Nyamizi akaikandamiza kwa ukucha wa kidole gumba, akauvuta. Akaitazama. Akauvuta tena kwa nguvu mpaka ukucha ukachanika. Gololi haikuwa na hata mstari.

"Nani aliipima hii?"

"Gololi nayo hupimwa? Niliyeyusha, nikamimina kwenye kalibu ya kaka."

"Uliyeyusha nini?"

"Madini ya risasi ya kaka yaliisha. Nikapata betri mbovu za lori, nikayatoa humo, nikaongeza na lehemu ya mafundi bati ili zikaze. Ngumu kama jino! Nikasema hizi zitawavunja mifupa."

"Ndiyo maana," Nyamizi akasema. "Mtutu huu una mifereji ndani. Gololi laini ikivishwa kitambaa chake inakubali kubanwa, inashika mifereji, inatoka ikizunguka na kwenda sawa. Ngumu haikubali. Inatoka ikiyumba kama mlevi."

"Na wewe mama umeyajuaje?" Kapaya akauliza.

"Vidole vya marehemu viliungua na baruti, vikafa ganzi. Kila akimimina, gololi ya kwanza kupoa ananipa mimi. Ukucha ukiacha alama, anasema alhamdulillahi, anaendelea. Usipoacha, anarudisha yote motoni." Akamrudishia Mihayo gololi yake. "Tangu afe, hakuna aliyenipa."

Mihayo akainamisha kichwa. "Ningekuuliza, shemeji. Ila ulikuwa eda. Niliona haya kukusumbua kwa mambo ya bunduki."

"Pazia ni nguo, Mihayo. Sauti inapita."

Hapo Kapaya akaweka nyundo chini. Akapekua mkoba wake wa kazi, akatoa timazi, kile kizito anachokining'iniza kwenye uzi kuona kama ukuta umenyooka. Nyamizi akakikwaruza. Mstari ukabaki, mweupe na wa kina.

"Laini," akasema.

"Haya, kiyeyusheni. Ila kuta zangu zitapinda."

"Si zimepinda siku zote, mzee!" Mihayo akamjibu, na watu wakacheka pale pale kaburini.

Gololi ya kwanza ilipopoa, Mihayo alimpa Nyamizi kwa mikono miwili. Akaipima, akaitikia kwa kichwa. Wakaweka kibuyu juu ya kichuguu. Mihayo akalenga, akapiga, na kibuyu kikatawanyika. Wakaweka kingine, nacho vivyo hivyo. Kapaya akarudisha nyundo mkobani.

Nyamizi akabaki shambani kwake. Msidhani upweke ulikwisha. Mihayo alikuwa anakuja nyani wakianza, anamimina, anampa apime, analinda, kisha anarudi kwa watoto wake. Siku zilizobaki zilikuwa za jembe, tasbihi na kaburi lililofagiliwa.

Wa kwanza kuisema methali alikuwa Kapaya huyo huyo, alipomkuta jirani akibomoa tanuru kwa hasira kwa kuwa matofali yanapasuka. Akachota udongo wake, akausugua vidoleni, akakuta ni mchanga mtupu. "Mwenye ukucha havunji bunduki," akamwambia. Neno likaenea Kaselya yote, hata Mihayo akampelekea shemeji yake, akidhani atafurahi.

Nyamizi alitabasamu kidogo. "Ni kweli," akasema. "Lakini ukucha peke yake haupimi kitu. Mpaka mtu akupe gololi."

Basi mnapoisema, na hilo mlitie moyoni. Kitu kikikataa kazi, chunguzeni kwanza kilichotiwa ndani yake. Na kama ukucha si wenu, nendeni mkamwulize mwenye nao, hata kama amekaa kimya nyuma ya pazia. Mwenye ukucha havunji bunduki.