Mtamba wa Mpando wa Soni

Fungeni midomo, fungueni masikio. Hii hamtaisikia darasani, hata mkae huko mpaka mwote ndevu.

Walikuwepo majirani watatu wa Mombo. Singano alikuwa na mapaja. Akipanda baiskeli, mlima ndio unaohema. Binamu yake, Zubeda, alikuwa na moyo. Anakupa kabla hujamaliza kuomba. Hoza, fundi baiskeli, alikuwa na jicho. Akitazama cheni na gia anajua kama zitaoana au zitapeana talaka.

Mwaka huo likatangazwa shindano: kupanda mlima kwa baiskeli mpaka Soni na gunia la mahindi kwenye keria. Ukikanyaga chini, umetoka. Wa kwanza kufika anaondoka na mtamba. Singano akamtaka mtamba yule kwa roho yote. Ng'ombe wa mama yake alikufa kiangazi, na tangu hapo chai ya nyumbani ni ya rangi.

Akajaribu. Kwa gia zake ndogo, gunia likamshinda kona ya kwanza.

"Mapaja yote hayo, kumbe mapambo!" Zubeda akamcheka. Kisha akafungua gia za nyuma za baiskeli yake ya kusambazia maziwa, kubwa yake pana kama sahani ya pilau, akampa. Yeye akabaki kuzungusha maziwa kwa miguu.

Singano akazifunga mwenyewe, na cheni mpya, na ule mkono unaohamisha cheni: mfupi, unang'aa hasa! Cheni ilipopanda gia kubwa, ikakaza kama kamba ya mbuzi mtoro, mkono ukapinda.

"Bwana Mapaja, umeoa kwa sura," Hoza akamwambia. "Gia pana inataka mkono mrefu na cheni ndefu. Tena hii yako nene. Gia hizi zimebanana, zinataka nyembamba."

Wapinzani walishamwahidi Hoza koti la ngozi awatengenezee wao tu. Akalikataa. Akachambua lundo lake la vyuma, akatoa mkono mrefu wenye kutu na cheni nyembamba, akaunga pingili mpaka ikatosha.

Siku ya shindano ikafika. Wenzake Singano wakashuka mmoja mmoja, wakisukuma. Kona ya mwisho msuli wa Singano ukakaza, machozi yakamtoka, mguu ukaililia ardhi. Hakukanyaga! Cheni ikapanda kwenye sahani, tiki, tiki, akaingia Soni peke yake juu ya baiskeli. Vigelegele! Wakamvika khanga shingoni.

"Mtamba apewe mshindi," akasema mwenyekiti wa shindano.

"Mimi hapa!" Singano akaidaka kamba ya mtamba. "Miguu ya nani?"

"Miguu iliyokwama kona ya kwanza?" Zubeda akauliza. "Gia ni zangu, na madumu ya maziwa nimebeba kichwani."

"Gia hizo hizo zilipinda mkono," Hoza akadakia. "Mimi ndiye niliyeziozesha. Na koti nimelikosa."

Singano akailaza kamba chini, katikati yao. Mtamba akaanza kutafuna khanga ya ushindi.

Haya, wewe unayetabasamu kama jibu unalo: kamba hiyo ungemkabidhi nani?