Moto Uliosubiri Jina

Jina la moto halikaushi nguo. Mmemsikia jirani akiitamka methali hiyo hapo uani kisha akapita zake, nanyi mmeniandama mkitaka kujua imetoka wapi. Haya, kaeni, wajukuu zangu. Mimi sitakaa, maana miguu yangu haitulii ninaposimulia habari hii. Na hilo bishano lenu la klabu, kama iitwe ya stadi za kuishi nje au ya ukakamavu, liwekeni kando kwanza. Leo ni siku ya tatu mnabishana, na hata hema hamjawahi kulisimamisha.

Chanzo chake ni hiki. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano, vijana wa kijiji chetu huku Upareni walipelekwa kila mwaka msituni, juu mlimani, wakakaa siku saba. Walifundishwa kulala pasipo nyumba, kutambua majani yanayolika, kutafuta maji na kuwasha moto bila kiberiti. Kila mwalimu mkuu aliyapa mafunzo hayo jina alilolichagua mwenyewe, na akifa, jina lilizikwa naye. Mrithi wake alitaja jina jipya penye kambi, watu wakaitikia, ndipo akawasha moto wa kwanza. Kabla ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kugusa ulindi, yaani ule mti mwembamba unaopekechwa juu ya kibao mpaka utoe cheche.

Mwaka ule mwalimu wetu wa zamani alikuwa amefariki, na waliotaka kumrithi walikuwa wawili. Mzee Senzota, mwindaji, alisema mafunzo yaitwe Vita vya Nyika, kwa kuwa msitu hauna huruma na asiyeushinda humezwa. Mzee Mchome, mganga wa mitishamba, alisema yaitwe Ugeni wa Msitu, kwa kuwa ukiingia kwa mwenyewe hubishi hodi kwa panga. Msiwacheke. Kijana akiambiwa anakwenda vitani hukata hata mti asiouhitaji, na akiambiwa ni mgeni hufagia anapoondoka. Hadi leo naona Mchome alikuwa na lake la maana. Lakini kila jambo na wakati wake.

Palikuwa na mtu wa tatu, Mama Nangasu, mjane aliyekuwa akirina asali. Naye aliomba kufundisha. Barazani wakamuuliza ujuzi wake anauitaje. Akajibu kwamba hajawahi kuuita. Akienda kurina hulala hukohuko, akimaliza hurudi. Watu walicheka sana, kisha wakampa vyungu avibebe.

Tulipanda mwezi wa saba, na mnajua baridi ya huko juu ilivyo. Mvua ya manyunyu ilitukuta njiani. Kwenye kijito, kaka yangu Kiangi alisimama ndani ya maji kutuvusha sisi wasichana, mmoja mmoja. Aliyekuwa wa mwisho ni mimi. Nilipomshika bega aliteleza, akazama mpaka kichwani. Aliibuka akicheka, akaniambia nisimweleze mama.

Tulifika kambini chini ya mwamba mkubwa. Kuni kavu zilikuwepo, zimepangwa tangu mwaka uliopita. Wazee wakasimama mbele ya kuni hizo wakaanza. Senzota akataja jina lake, nusu yetu tukaitikia. Mchome akataja lake, nusu nyingine ikaitikia. Basi wakarudi kwenye hoja, kwa heshima zote, kila mmoja akimwacha mwenzake amalize. Laiti wangegombana, pengine tungewaamulia.

Kiangi alikuwa akitetemeka mpaka meno yakawa yanagongana. Baadaye akaacha kutetemeka, nami mjinga nikafurahi, nikidhani amepata joto. Akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Nikamwendea Mzee Senzota nikamweleza. Akaniambia nivute subira, jina limekaribia. Nikarudi nikakaa. Kuni zilikuwa hatua nne kutoka nilipokaa, na mimi nikakaa. Miaka mingi imepita na bado nazihesabu hatua hizo.

Mama Nangasu alifika nyuma ya wote kwa sababu ya mzigo. Alimtazama Kiangi mara moja tu, akatua vyungu. Kisha akatoa kwapani kifurushi cha ngozi ya mbuzi, na ndani yake mlikuwa na ulindi wake, kibao, na nyuzi za magome, vyote vikavu. Akapiga magoti.

"Mama Nangasu, usiwashe," Senzota akasema. "Jina bado."

"Jina la moto halikaushi nguo, mzee wangu. Mvueni huyu shati."

Hakuna aliyesogea. Mchome akamuuliza kwa upole, "Basi wewe utayaitaje mafunzo haya?"

Yeye alikuwa akipuliza cheche.

Moto ulishika. Tulimvua Kiangi, tukamweka katikati yetu, ngozi kwa ngozi, Mama Nangasu akimkumbatia mgongoni kama mwanawe wa kumzaa. Alifumbua macho akauangalia moto. Aliniuliza kama nimevuka salama. Nikamwambia nimevuka. Basi akafumba macho, hakuyafumbua tena.

Shati lake tulikuwa tumelitundika karibu na moto. Lilikauka vizuri kabla jua halijatua, nasi tukamvika likiwa kavu, tukamshusha mlimani.

Siku ya mazishi wazee wale wawili walikubaliana jina. Ilikuwa upesi, pasipo ubishi hata kidogo. Lilitajwa, watu wote wakaitikia, na mimi nikaitikia, ingawa nilitamani kupiga kelele. Jina lenyewe nimelisahau. Niulizeni shati lilikuwa la rangi gani, nitawaambia.

Iiteni klabu yenu mpendavyo, wajukuu zangu. Jina zuri lina kazi yake, nami sitawakataza kulitafuta. Litafuteni mkiwa mmeota moto. Jina la moto halikaushi nguo.