Aliyeitikia kwa Niaba ya Mvule

Mtu mmoja alikuwa na msitu mdogo mlimani, aliourithi kwa baba yake, na binti wa miaka mitatu. Mtu huyo aliitwa Kadeghe, na binti yake Nakiete.

Katika kijiji chao mama mmoja, Nambike, alikuwa akikaa na watoto wadogo, Nakiete akiwamo, wazazi wao wakienda shamba. Hakuwa na picha za kuwaonyesha. Aliwapeleka msituni, akawashikisha magome, akawanusisha majani, akawafundisha kuiamkia miti mikubwa, kwa sababu ilikuwapo kabla ya babu zao. Mtoto aliweka kiganja kwenye gome, akasema shikamoo, akasubiri. Upepo ukipita juu, Nambike alisema, "Umeitikia," ndipo wakaendelea. Wazazi walicheka. "Mwalimu, na mawe nayo tuyapigie hodi?" Lakini watoto walipoanza kuwaamkia wakubwa wote njiani bila kusukumwa, wazazi hao hao walijisifu kwamba wanajua kulea.

Mwaka huo tangawizi ilipata soko, na Kadeghe akaamua kufyeka msitu alime. Asubuhi ya kazi Nambike alikuwa mgonjwa, hivyo Kadeghe akaenda na mtoto, pamoja na wanakijiji waliokuja kumsaidia kukata. Walipoufikia mvule uliokuwa mkubwa kuliko miti yote, Nakiete aliwatangulia wenye mashoka, akaweka kiganja. "Shikamoo, babu." Hapakuwa na upepo. Mtoto akakataa kuondoka, maana mkubwa haachwi kabla hajaitikia. Wakataji wakaanza utani. "Kadeghe, leo umetuletea msimamizi!" Kadeghe akaona aibu. Akazunguka nyuma ya shina, akaifanya sauti yake kuwa nzito.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimezeeka. Waache wanipumzishe."

Mtoto akafurahi, akaenda kukaa pembeni. Mchana mvule ukaanguka.

Vumbi lilipotulia, Nakiete alikimbilia kisiki, akaweka kiganja, akaamkia tena. Akasubiri. Akaamkia kwa sauti kubwa zaidi. Kisha akamwendea baba yake, akamtazama mdomoni kwa muda mrefu. Kadeghe akainama kunoa shoka lililokuwa bado kali.

Tangu siku hiyo mtoto yule hakumwamkia mtu yeyote, si bibi yake, si wageni, si mchungaji. Kadeghe akaenda kwa Nambike akiwa na hasira. Akamwambia amemharibia mtoto kwa kumfundisha upuuzi wa kusema na miti, sasa hana adabu. Wazazi wengine wakamuunga mkono, wakiwemo waliokuwapo msituni na kusikia kila neno. Wakawaondoa watoto wao. Nambike akabaki barazani peke yake, na tangawizi ikapandwa hadi juu mlimani.

Sasa niambieni, ninyi wenye watoto: adabu ya mtoto yule iliangushwa na nani?