Mkeka wa Mzee Likwata

Palikuwa na rais mmoja, Mavundila jina lake, ambaye hakuweza kumnyima mgeni kitu. Mwananchi akiomba barabara, anaambiwa bajeti haitoshi. Mgeni akishuka kwenye ndege na tai shingoni, Mavundila analainika kama mkate kwenye chai. Huyu kapewa msitu. Yule kapewa ufukwe. Mwingine alisifu bonde kupitia dirisha la gari tu, akapewa bonde. Mwenyewe aliiita siasa hiyo "urafiki na mataifa yote", na kila alikokwenda alipigiwa mizinga na kuvishwa nishani, mpaka koti likamwelemea. Na kwa nini asipigiwe? Hata mimi ningempigia.

Basi, siku moja balozi wa nchi ya mbali huko alipanda kilima cha Nambunga, akavuta pumzi, akasema hewa yake nzuri. Kesho yake redio ikatangaza: kilima kinapewa taifa rafiki kwa miaka tisini na tisa, wajenge hoteli, na wakazi wahame kabla ya Ijumaa. Fidia? Kila kaya itapewa picha ya Rais akipeana mkono na balozi. Halafu, sikieni ufedhuli huu, watu hao hao wa Nambunga wakaagizwa waje Ikulu siku ya kutia saini, wamchezee mgeni ngoma.

Kiongozi wa ngoma alikuwa Bi Somoe, mjane, mfinyanzi wa vyungu, mwenye ulimi ambao hata marehemu mumewe, Mungu amrehemu, aliuogopa. Mume huyo kazikwa pale pale kilimani, na nyumba ya Bi Somoe iko pale pale, hana nyingine. Wenzake walilia. Yeye alivuka mto wa mpakani, akaenda kwa mtani wake, Mzee Likwata, raia wa nchi jirani. Utani mnaujua nyinyi: mtani akikukuta umepakua, ananawa na kukaa. Wakateta, wakacheka mpaka wakashika mbavu, wakaagana.

Siku ikafika. Zulia jekundu, kamera, meza yenye bendera mbili uwanjani mbele ya Ikulu. Rais kashika kalamu, na balozi kakaa ubavuni kwake pamoja na mkalimani. Ngoma ikaingia. Nyuma ya ngoma akaingia Mzee Likwata, mkeka begani, sufuria mkononi. Askari wakadhani ni sehemu ya mchezo. Akapita hadi barazani, akatandika mkeka, akavua viatu, akajilaza.

"Nani huyu?" Rais akauliza.

"Mgeni wangu," Bi Somoe akajibu. "Katoka nchi jirani. Nimempa nyumba hii."

"Nyumba ipi?"

"Hii Ikulu. Kwa miaka tisini na tisa. Aliisifu baraza yake."

Watu wakainama kuficha kicheko. Mkalimani akamnong'oneza balozi, balozi akakohoa. Rais akajichekesha, maana kamera zilikuwa zinamtazama.

"Mama, wewe una mzaha."

"Mzaha anao mtani wangu huyo. Mimi najenga urafiki na mataifa yote."

"Hayo ni mambo ya marais."

"Ndiyo maana nimekuiga wewe, baba. Ulitaka nimwige nani?"

"Na mimi nikalale wapi?"

"Mimi nawe tuko sawa, tuna mpaka Ijumaa. Ila usihofu, fidia yako ipo." Akachomoa picha kwenye upindo wa kanga. "Shika. Ni mimi na Mzee Likwata tukipeana mkono. Utaitundika huko utakakohamia."

Picha ikakaa mkononi mwa Rais. Kule barazani Mzee Likwata akainua kichwa.

"Shemeji," akamwita Rais, "ukitoka waambie hawa askari wasogee kidogo. Wananizibia hewa. Na hewa ya hapa nzuri kweli."

Hapo uvumilivu ukamwisha Mavundila. Akasahau kamera, akasahau mgeni, akasahau zile nishani zote. Akapiga meza mpaka kalamu ikaruka chini.

"Wee mwanamke, nani kakupa mamlaka ya kumgawia mtu wa nje nyumba isiyo yako, na wenyewe wamo ndani?"

Bi Somoe akainama, akaiokota kalamu, akaifuta vumbi kwa kanga yake na kuiweka taratibu mezani, mbele ya balozi.

"Swali zuri, Mheshimiwa," akasema. "Lirudie polepole, mkalimani amtafsirie mgeni wako."