Chini ya Kitako cha Kibuyu

Kaeni vizuri, na mwenye kibuyu akikumbatie, maana hadithi hii ina mwizi mpole, na mwizi mpole ndiye anayenikera kuliko wote.

Mwaka ule mvua iligoma kabisa katika Bonde la Mikindu. Mtama uliovunwa ulikuwa haba, na huo huo mchache kila mnyama aliuficha nyumbani kwake. Panya wakaula, nyani wakauiba. Ngiri aliamka asubuhi moja akakuta ameukumbatia mfuko mtupu, akapiga yowe bonde zima likasikia. Basi Simba, mfalme wa bonde, ambaye hakupenda kitu duniani kama kutoa amri, akaamuru mtama wote uwekwe mahali pamoja, kila mtu na kibuyu chake chenye alama yake.

"Nani atalinda?" Simba akauliza.

Fisi akasogea mbele, kichwa ameinamisha. "Mtukufu, mimi nina pango la mawe. Tena mimi ni mtu wa mifupa. Mimi na mtama wapi na wapi?"

Wanyama wakatazamana, wakaona amesema kweli. Nani amewahi kumwona Fisi akitafuna nafaka? Wakambebesha vibuyu vyao kwa mikono yao wenyewe. Simba akajipa cheo cha Mlezi wa Ghala, akarudi kivulini kwake akiwa ameridhika sana na nafsi yake.

Fisi akaanza kazi kwa bidii. Alipanga mawe kwenye mlango wa pango mpaka likabaki tundu jembamba la kumpitisha yeye tu. Alilipima kwa kiuno chake mwenyewe, na wakati ule wa njaa kiuno cha Fisi kilikuwa chembamba kama mwiko.

"Ni kwa usalama wenu," aliwaambia wenzake, nao wakamshukuru.

Sasa katika bonde hilo aliishi Kanga, mjane mwenye kundi la vifaranga. Kibarua chake kilikuwa kumtoa Nyati kupe, na kila mwezi ulipoandama Nyati alimlipa kibaba kimoja cha mtama, akikipeleka moja kwa moja ghalani kama amri ilivyotaka. Kanga alikuwa na kibuyu cha kula, na pembeni alikuwa na kibuyu kidogo alichokifunga kwa ukindu. Hicho kilikuwa cha mbegu. Mvua ikija bila mbegu ile kuingia ardhini, wanawe wasingeuona mwaka mwingine, na yeye alilijua hilo akilala na akiamka.

Mwezi ulipoandama, Kanga akaenda ghalani kuchukua chakula. Fisi akampokea kwa uso wa msibani.

"Bi Kanga, karibu. Leo nakupa pole."

"Pole ya nini tena, Bwana Fisi?"

"Kibuyu chako kimeshuka chini ya kitako."

Kanga akapinda shingo. "Chini ya kitako? Kibuyu kikiisha si kimeisha? Chini ya kitako kuna nini?"

"Kuna mimi," Fisi akasema kwa sauti laini. "Juzi uliomba makonzi matatu. Ndani mlikuwa na mawili. Nikakuongezea langu moja."

"Lakini sikukuomba! Ungeniambia yamo mawili, ningechukua mawili nikaenda zangu."

"Nikuambie hivyo mbele ya Ngiri na Nyumbu waliosimama nyuma yako? Wakucheke? La, mama. Nilikusitiri. Na sitara ina ada yake, konzi moja. Kukuarifu leo, konzi moja. Kufungua mlango ili nikuarifu, konzi moja."

"Na kibaba changu alicholeta Nyati jana kiko wapi?"

"Kiliingia vizuri tu. Kimekutana na deni humo ndani, hakikutoka. Halafu, mama, umeuliza. Kuuliza ni konzi moja."

Kanga akafumba mdomo haraka. Kisha moyo ukamshinda, akaufumbua tena. "Basi nipe mbegu yangu. Kile kidogo chenye ukindu."

"Hicho nakishikilia mpaka deni liishe. Lakini usiwe na wasiwasi, siri yako iko salama kwangu. Hakuna atakayejua kwamba Kanga anadaiwa."

Na hapo ndipo alipomkamata. Kanga aliona aibu, akaondoka kimya. Njiani alipishana na Ngiri aliyekuwa akienda ghalani. Wakasalimiana, kila mmoja akasema nyumbani ni kwema, na nyumbani kwa wote wawili jiko lilikuwa baridi.

Siku zikapita. Asubuhi moja mawingu yakaanza kujikusanya upande wa mashariki. Wengine walishangilia. Kanga alijificha nyuma ya kichaka akalia, na Sungura, ambaye pua yake haikosi mahali, akamkuta huko.

"Shemeji, mvua inakuja nawe unalia? Unaogopa kulowa?"

Kanga alijaribu kucheka, akashindwa, akamweleza yote, toka kuongezewa asichoomba mpaka kuzuiliwa mbegu. Alitarajia Sungura amcheke. Sungura hakucheka. Alijikuna sikio, akatazama huku na huku.

"Nikikwambia kitu utamwambia mtu?"

"Sitamwambia."

"Mimi pia niko chini ya kitako. Tena chini zaidi yako. Nilikwenda kubishana naye, akanitoza ada ya ubishi."

Kanga akaacha kulia. "Wewe? Sungura mzima?"

"Ndiyo maana nilinyamaza! Ningewezaje kusema? Jina langu lingekuwa limekwisha bondeni."

Wakatazamana. Kisha kicheko kikawashika wote wawili, kile cha kuumiza mbavu, kwa sababu walikuwa na njaa na walikuwa wamebebeshwa kitu kizito bure. Walipotulia, wakaenda kwa Ngiri. Ngiri akakana, akaapa, halafu akakiri. Wakaenda kwa Nyumbu, ikawa vilevile. Kumbe bonde zima lilikuwa linadaiwa, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

"Twende kwa mfalme tukashitaki!" Ngiri akasema, pembe zake zimesimama.

"Mfalme hasikii njaa ya mtu mwingine," Sungura akasema. "Ngoja kwanza. Mmemtazama Fisi mbavuni siku hizi?"

"Ana nini?"

"Manyoya yametoka, huku na huku, sawasawa."

"Labda ni ukurutu."

"Ukurutu haupimi pande mbili ukazilinganisha. Ni lile tundu la mlango, linamsugua. Sisi wote tumekonda mpaka tunapita popote, mwenzetu mlango wake mwenyewe unambana. Haya, yeye alimwongezea Kanga asichoomba. Nasi tumwongezee."

Sungura akaenda kivulini kwa Simba, akainama mpaka masikio yakagusa vumbi.

"Mtukufu, nimekuja na uchungu. Huko bondeni wanasema Mlezi wa Ghala hana kibuyu ghalani. Wanasema labda hana cha kuweka."

Simba akainuka. "Nani anasema?"

"Maneno tu, Mtukufu, hayana mwenyewe. Lakini ungeweka kitu kinacholingana nawe, halafu kesho adhuhuri ukaja kufungua ghala kwa msimu wa kupanda, ukatoa na hotuba kidogo..."

Kusikia habari ya hotuba, Simba hakusubiri zaidi. Jioni hiyo hiyo paja zima la nyati mgeni aliyefia mbugani, lililokaushwa kwa jua hadi likawa jekundu kama udongo, likapelekwa kwa Fisi.

"Mfalme amesema ulilinde vizuri," Sungura akamwambia. Hakutaja habari ya adhuhuri.

Fisi akalipokea paja huku akilinusa. Miezi mingi alikuwa akila mtama wa wenzake, na kweli ulimnenepesha, lakini mtama si mfupa. Usiku akavumilia. Asubuhi akavumilia, akazunguka nje ya pango, akarudi, akazunguka tena. Jua lilipopanda akajipenyeza ndani kwa shida.

Wanyama walikuwa wamejilaza vichakani, wakisikiliza. Pango lile lilikuwa na mwangwi, nao wakamsikia Fisi akijisemea.

"Kupokea, ada kidogo." Nyam. "Kulinda usiku kucha, ada yake." Nyam, nyam. "Kutunza siri ya mfalme, hiyo nayo ni kazi." Kisha hakusema tena. Ukasikika mfupa ukivunjika, na mwingine, halafu kimya, halafu mbweu.

Baada ya kitambo kichwa cha Fisi kikatokea tunduni. Mabega yakafuata. Tumbo halikufuata. Akavuta, akapumua, akavuta tena. Mawe aliyoyapanga mwenyewe hayakutikisika hata moja, kwa kuwa alikuwa fundi mzuri. Akajaribu kurudi nyuma, na huko nako ikashindikana.

Wakatoka vichakani, Kanga mbele na wanawe nyuma. Fisi alipowaona alitabasamu vibaya.

"Bi Kanga! Mama yangu! Njoo karibu. Nasikia mfalme anakunguruma kule bondeni. Asinikute hivi. Nifunike hata kwa majani. Nisitiri!"

Kanga akamtazama.

"Nitakusitiri, Bwana Fisi. Ila sitara ina ada yake."

"Chukua! Chukua konzi!"

"Na kufungua mlango, maana itabidi Ngiri afungue mwingine kule nyuma."

"Chukua, chukua! Haraka!"

"Na kuarifiwa. Nakuarifu kwamba umekwama."

"Nimeshajua kwamba nimekwama! Mbona mnanionea?"

"Hapo umeuliza," Sungura akadakia.

Ngiri hakuhitaji kuambiwa. Alizunguka nyuma ya pango penye udongo, akachimba kwa pembe mpaka likapatikana tundu kubwa. Vibuyu vikatoka, vingi vyepesi kama ganda. Nyuma yake ukatoka mtungi mkubwa, umejaa mtama mpaka shingoni. Ndio uliobaki katika ada zao zote. Wakajaziana vibuyu bila kugombana, aliyeshindwa kubeba akabebewa. Kile kidogo chenye ukindu kilitoka mwisho kabisa. Kanga akakitikisa, akasikia mbegu zikilia ndani, akakikumbatia kwa mabawa yote mawili.

Ahadi ni ahadi, kwa hiyo alikata majani akamfunika Fisi kichwa hadi mabega. Sasa mlangoni palionekana rundo la majani tu.

Simba akafika, manyoya ya shingo ameyachana. Akasimama mbele ya pango, akakohoa, akatoa hotuba kuhusu hekima yake mwenyewe. Ilikuwa ndefu. Mwishoni akasema, "Na sasa kila mtu ataona kilichowekwa na Mlezi. Paja langu liko wapi?"

Wanyama wakaangalia vibuyu vyao. Fisi naye alikuwa ameapa chini ya majani yale kwamba hatatoa hata pumzi. Lakini maneno yale aliyazoea mno, akasikia mtu anauliza ghalani kwake, na mdomo ukamtangulia.

"Kuuliza ni konzi moja," likasema rundo la majani.

Kifaranga mmoja akaangua kicheko, mama yake akamziba mdomo. Simba akasogea, akapuliza majani mara moja, yote yakaruka. Akamwona Fisi, mafuta ya nyama yakimng'aa midomoni.

"Wewe! Paja langu?"

"Mtukufu," Fisi akasema, "kulikuwa na ada ya kupokea... na ya kulinda... Paja limekwisha. Kwa hesabu zangu bado unadaiwa kidogo."

"Mimi? Nadaiwa?" Simba akageuka akiwatazama watu wake, na kwa mara ya kwanza aliona mbavu zao zilivyohesabika. "Na ninyi je?"

"Wote, Mtukufu," Kanga akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Mimi nilidaiwa, na Sungura, na Ngiri. Tuliona aibu kusema."

Sungura alijikunyata kidogo jina lake lilipotajwa, lakini hakukana.

Simba akamgeukia Fisi. "Lipa."

"Sina kitu tena, Mtukufu! Wamechukua mtungi wote! Nimebaki mtupu!"

"Mtu akisema amebaki mtupu," Simba akamwuliza Kanga, "hapa ghalani huwa anaambiwaje?"

"Huambiwa ameshuka chini ya kitako cha kibuyu."

Fisi akalia. "Lakini chini ya kitako kuna nini, jamani? Kuna nini?"

Simba akainama mpaka pua ikagusana na pua.

"Kuna mimi," akasema.

Woga ulifanya kazi ambayo nguvu ilishindwa. Fisi alijivuta mara moja, mawe yakamwagika, akatoka mbio huku nyuma yake imejishusha kama mtu anayekwepa teke. Mpaka leo hatembei vinginevyo.

Jioni ile ile mvua ikanyesha. Iliikuta mbegu ya Kanga imeshafukiwa, na vifaranga wakikanyagakanyaga udongo juu yake kwa kiherehere. Tangu hapo, katika Bonde la Mikindu, aliyepungukiwa husema kwa sauti kwamba amepungukiwa, kwa sababu walijifunza kwamba aibu waliyoifungia kila mmoja nyumbani kwake ndiyo iliyomnenepesha Fisi kuliko mtama.

Hadithi yangu imefika mwisho. Mwenye swali aulize, na asiogope. Kwangu kuuliza ni bure.